Kandambili, Raizoni na yale mabao sita

Mimi ni Simba. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimetumwa na watu wa Jangwani. Nimezaliwa nikaikuta familia imeshagawanyika, upande wa baba Msimbazi, upande wa mama Jangwani, nami nikafuata upande wa baba kama watoto wengi wanavyofuata bila kuulizwa. Kwa hiyo tangu nianze kukaa vijiweni silaha yangu imekuwa moja tu: sita bila. Julai 19, 1977, Simba 6, Yanga 0. Ukibanwa na hoja za makombe (na makombe ya ligi wenzetu wanatuzidi, tusidanganyane) unaitoa hiyo na mjadala unakwisha. Hata baada ya Yanga kutubamiza 5-1 Novemba 2023, kidonda ambacho bado hakijakauka, tulibaki na la kusema: tano sio sita.

Tatizo langu ni mjomba. Mjomba ni Yanga wa damu, na kila ninapomtajia mabao sita hakasiriki, hanuni, wala habadilishi mada. Anajibu kwa sauti ileile kila mwaka: "Mpwa wangu, mliifunga jezi. Yanga yenyewe ilikuwa imeshahama." Utotoni niliona hicho ni kisingizio cha mtu aliyeshindwa. Nilipokua, nikaanza kuandika habari za michezo na kukaa na wazee waliouona mpira wa miaka ile, nikagundua kwamba mjomba ana kesi ya kujibiwa. Na kesi yenyewe, amini usiamini, inahusu viatu.

Tuanze na viatu basi. Kandambili kila mtu anavijua: kanda mbili juu ya soli ya mpira, bei ya chini, unavivaa kwenda bafuni, sokoni na msikitini. Wengine wanaviita ndala, wengine malapa. Raizoni ndivyo vijana wa leo hawavijui. Vilikuwa viatu vya soli nene iliyoinuka, mtu mfupi anakuwa mrefu ghafla, na vilivaliwa chini ya suruali ya bugaluu iliyotanuka kuanzia gotini hadi ikafagia barabara. Ongeza nywele za afro na shati lenye kola ndefu, hapo una kijana wa mjini wa miaka ya sabini. Katika picha za zamani za familia nyingi za Dar yupo mmoja wa namna hiyo, amesimama studio mbele ya pazia lililochorwa bahari, anatazama pembeni kama vile mpiga picha hayupo.

Sasa ukumbuke nchi ilikuwa wapi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU wa Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, mkorogo wa kujichubua na suruali za kubana vikapigwa vita. Mwezi uleule wa Oktoba wasichana waliovaa mini walishambuliwa na makundi ya vijana pale Kariakoo. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku mjini. Yaani mavazi yalikuwa siasa. Miguuni mwako watu walisoma wewe ni nani: mwananchi wa kawaida aliyejifunga mkanda na taifa lake, au mtoto wa mjini anayeiga ya nje. Kwa hiyo miaka michache baadaye, pale wanachama wa klabu moja walipogombana na kupeana majina ya viatu, hawakuwa wanafanya utani mtupu. Walikuwa wanatukanana kwa lugha ya siku zile.

Klabu hiyo ni Yanga, na ugomvi ni wa miaka ya 1975 na 1976. Cha ajabu ni kwamba ulizuka timu ikiwa juu kabisa. Yanga ilikuwa imechukua ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972, Simba wakaingilia 1973, Yanga wakarudi 1974. Ule ubingwa wa 1974 ndio wenye ile fainali ya Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, ambayo wazee wa Yanga wakiisimulia wanasimama kwenye kiti: Simba wanaongoza kwa bao la Adam Sabu, mechi inakaribia kwisha, Gibson Sembuli anasawazisha, kisha Sunday Manara anamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Mbili moja. Januari 1975 wakakutana tena Zanzibar kwenye fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Yanga wakashinda 2-0. Walikuwa na kocha kutoka Romania, Victor Stanculescu, ambaye mpaka leo wazee wanamwita Profesa, na timu ilipelekwa hadi Romania kujinoa. Mwaka huohuo wa 1975 walitolewa katika Klabu Bingwa Afrika na Rangers ya Enugu, Nigeria, bila kufungwa mechi hata moja: sare mbili, wakatoka kwa sheria ya bao la ugenini.

Timu ya namna hiyo inavunjikaje?

Ukiwauliza wazee kumi utapata majibu kumi, na kila mmoja ana mtu wake wa kumlaumu, kwa hiyo sitataja majina. Lakini ukikusanya masimulizi yote unaona mgongano mmoja. Upande mmoja walikuwepo wenye klabu, yaani wanachama wa siku nyingi, wazee wa Kariakoo na mitaa ya jirani, watu waliolipa ada tangu mkoloni yupo, ambao kwao Yanga haikuwa timu ya mpira tu. Ilikuwa mahali pa kukutana jioni, kunywa kahawa, kupeana habari za misiba na kuchangiana. Upande wa pili walikuwepo wachezaji nyota na viongozi vijana, wenye shule, waliokwishaona Ulaya mpira unavyoendeshwa, ambao hawakuona sababu ya kuamuliwa kila kitu na mtu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba kadi yake ni ya zamani. Wale wa kwanza wakaitwa Kandambili. Wa pili wakaitwa Raizoni.

Nani alianza kumwita mwenzake hivyo, kila upande unausingizia wa pili. Ila utamu wa majina haya ni kwamba yanachoma pande zote. Ukimwita mtu kandambili unamwambia ni mshamba asiye na hela ya kiatu. Ukimwita raizoni unamwambia ni mwepesi, ana urefu wa kuazima, akivua viatu harudi na kimo chake. Na katika Tanzania ya Azimio la Arusha kuitwa kandambili kulikuwa na heshima yake ya kichinichini. Nani anataka kuonekana bepari?

Mwaka 1975 wenyewe ubingwa ulikwenda Morogoro, kwa Mseto. Mwaka 1976 Raizoni wakaondoka na kuanzisha timu yao, Pan African. Hebu tazama hata jina: Young Africans, Pan African. Hawakutaka kwenda mbali na nyumbani. Na hawakuondoka mikono mitupu. Sunday Manara, yule aliyeitwa Computer, na kaka yake Kitwana, na Sembuli wa Nyamagana, kundi zima la watu waliokuwa roho ya Yanga. Sunday baadaye alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles, akawa miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kabisa kucheza Ulaya. (Ndiye baba wa Haji Manara, aliyekuwa msemaji wetu Simba kwa mbwembwe zote halafu 2021 akahamia Yanga. Kuhama kumo kwenye ukoo.)

Sasa rudi kwenye Julai 19, 1977. Mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inaimba habari za kuungana, TANU na Afro-Shirazi zimekuwa CCM tangu Februari 5, huku jirani Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika na mpaka wetu na Kenya unafungwa. Yanga inaingia uwanjani ikiwa imebaki na jengo, rangi, wanachama, na wachezaji waliookotwa kuziba mapengo. Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Jumanne Hassan Masimenti mawili. Moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Sita.

Kwa hiyo mjomba yuko sahihi? Nusu. Nisije nikawasaliti wa kwangu bure. Simba ile haikuwa timu ya kubahatisha. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Kuanzia 1976 hadi 1980 ilibeba ubingwa wa nchi miaka mitano mfululizo. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa Dar, kila mtu akaizika, ikaenda Zambia ikashinda 5-0. Timu inayoweza kufanya hivyo ingeweza kumfunga yeyote. Na pia kulikuwa na deni: Juni 1968, sisi tukiitwa bado Sunderland, Yanga walitupiga 5-0. Kibadeni na wenzake walikuwa na sababu ya kutosimama kwenye bao la tatu.

Lakini sita? Dhidi ya Manara na Sembuli waliotufunga Nyamagana? Hapo ndipo ninapokwama. Nimejaribu kuwapanga kichwani usiku nikiwa ndani ya daladala, Simba ya 1977 dhidi ya Yanga ambayo haikugawanyika, na kila mara mechi yangu inaisha 2-1. Mshindi simtaji.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Msimbazi tunalipitia haraka. Simba nasi tulitoka humohumo. Yanga ilianzishwa 1935, mwaka uliofuata kundi likajitenga, likapita kwenye majina ya Queens na Eagles, likawa Sunderland, na 1971 likawa Simba. Sisi ni Raizoni wa kwanza, ila enzi hizo viatu hivyo vilikuwa havijabuniwa. Kwa hiyo Mwanasimba anayewacheka Pan African kwamba walijitenga wakapotea anacheka njia ileile aliyopita babu yake.

Na hili ndilo linalonisumbua kuliko mabao. Kwa nini waliojitenga 1936 wakawa Simba, na waliojitenga 1976 wakawa Pan African? Maana Pan haikukosa mpira. Ilichukua ubingwa wa nchi 1982. Tazama miaka ile mitatu: 1981 bingwa Yanga, 1982 Pan, 1983 Yanga. Ukitaka kuwa mchokozi unaweza kusema Yanga ilichukua mara tatu mfululizo ikiwa imevaa jezi mbili. Na Taifa Stars iliyokwenda Lagos 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, mara yetu ya kwanza, ngome yake ilikuwa na Leodegar Tenga, nahodha, na Jella Mtagwa, wote wa Pan. Baada ya hapo tulisubiri hadi 2019 kurudi kwenye mashindano hayo. Tenga huyohuyo alikuja kuongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Kwa vipaji na kwa vichwa, Raizoni walishinda. Lakini leo Pan haimo katika Ligi Kuu, imezama madaraja ya chini kwa miaka mingi, na kijana wa miaka ishirini ukimtajia jina hilo anadhani unazungumzia mkutano wa marais.

Nililinganisha na muziki, kwa sababu miaka ileile muziki wa dansi ulifanya kitu hichohicho na ukapata jibu tofauti. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wakiwa waajiriwa wa mshahara. Baadaye ikaitwa JUWATA, leo tunaiita Msondo. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ikachukua watu wazito akiwemo Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka. Kwa haraka haraka hiyo ni Pan African yenye magitaa. Lakini mashabiki walihama na sauti! Sikinde ikawa kubwa papohapo, na Msondo nayo ikajijenga upya, upinzani wa hizo mbili ukawa Simba na Yanga ya kumbi. Gurumo mwenyewe aliondoka tena 1985 kwenda Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo, na popote alipokwenda watu walimkuta. Bongo Flava ndio usiseme: msanii anaweza kuondoka kwenye lebo asubuhi na jioni mashabiki wamejaa upande wake.

Kwenye mpira haikuwa hivyo. Mashabiki hawakumfuata Manara. Mtu aliyekuwa anaamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya tiketi kwa ajili ya kumwona Sembuli, Sembuli alipovaa jezi nyingine alimzomea. Nadhani jibu liko kwenye zile kahawa za jioni. Bendi unaifuata kwa ajili ya unachosikia. Katikati ya miaka ya thelathini Kariakoo ilikuwa mji mdogo, watu waliojitenga waliweza kujenga kibaraza chao mtaa wa pili na bado wakabaki ndani ya maisha yaleyale ya misiba, harusi na ligi za bao. Kufika 1976 mji ulikuwa umeshagawanywa, kila nyumba ina upande, kila kinyozi ana upande. Pan walikuja na timu wakakuta hakuna vibaraza vilivyobaki wazi.

Nilimpelekea mjomba nadharia hii Jumapili moja. Shikamoo, marahaba, chai, nikamwaga maelezo yangu yote, na zile tarehe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kunieleza miaka yote hiyo ya utani: na yeye alikwenda Pan. Alikuwa kijana, ana raizoni zake za kahawia alizozinunua kwa mshahara wa kwanza, akaona wale wazee wa kandambili wanamrudisha nyuma. Alikwenda kuishangilia Pan misimu miwili.

"Ukarudi kwa nini?" nikamuuliza.

Akasema mpira ulikuwa mtamu kuliko wa Yanga, hilo hana ubishi nalo. Ila ikifika saa kumi na mbili jioni, mechi imekwisha, alikuwa hana wa kubishana naye. Washikaji wote wako Jangwani. Akipita wanamkaribisha kwa kejeli, wanamtazama miguuni. Siku moja akapita amevaa kandambili kwa sababu raizoni zilikuwa kwa fundi, imeachia soli, na wakampisha kwenye benchi bila kusema neno. Akakaa. Anasema wakati huo mabao sita yalikuwa yameshafungwa na kila mtu pale bentini alikuwa bado ana uchungu, na yeye akajikuta ana uchungu nao ingawa siku ya mechi hakuwa Yanga.

Kwa hiyo anaposema "Yanga yenyewe ilikuwa imeshahama", anajitaja na yeye. Hilo sikuwa nimelielewa.

Ugomvi wa Jangwani, kama mnavyojua, haukuishia pale. Baadaye tukasikia Yanga Asili, Yanga Kampuni, Yanga Akademia, na swali lilikuwa lilelile kwa sare mpya: klabu ni ya mwenye kadi au ya mwenye ujuzi na hela? Kwetu Simba swali likaja 2017 na mfumo wa hisa, wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49. Yanga nao wakabadilisha katiba 2021, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu, mhandisi, msomi, kwa kipimo cha 1976 ni raizoni mtupu. Mwaka uliofuata walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mashabiki wao waliojaa uwanjani siku ya USM Alger wengi walikuwa na kandambili miguuni, nilikuwepo, niliwaona. Sisi tukafika fainali hiyohiyo 2025, tukaikosa kwa Berkane. Hapo na sisi tuliumia palepale.

Na mabao sita? Nitaendelea kuyataja. Siwezi kuacha, ni urithi, na Kibadeni hakumzuia mtu kubaki Jangwani. Lakini na mjomba nimefanya naye mapatano. Lile la Sanga la kujifunga nimemfutia. Kwa hiyo kwake yeye, na kwake yeye peke yake, Simba ilishinda tano bila. Akafikiri kidogo, akasema tano ni sawa, anaikubali, kwa sababu tano na wao walitufunga 1968.

Nikiwa mlangoni nikamuuliza zile raizoni zilikwenda wapi. Akasema fundi hakuzirudisha hadi leo.